Kuchagua Kikokotoo cha Grafu kwa Mwanafunzi wa Sekondari nchini Marekani

Mzazi aliyesoma Afrika Mashariki kwa majedwali ya hisabati na kikokotoo kidogo cha sayansi huenda akashtuka shule ya Marekani inapomtaka mwanawe awe na kikokotoo cha grafu, yaani kinachochora grafu kwenye kioo chake, kwa kuwa kifaa hicho kikiwa kipya mara nyingi huzidi dola 100. Fedha hiyo si ndogo, na ndiyo maana inafaa kuuliza maswali mawili kabla ya kwenda dukani: mwalimu anafundishia kifaa gani, na mwanafunzi atafanya mitihani ipi?

Swali la kwanza lina uzito kuliko wazazi wengi wanavyodhani. Mwalimu anapoeleza namna ya kupata mahali ambapo grafu inakata mhimili wa x, hutaja vitufe vyenyewe: kwenye TI-84 Plus ya kampuni ya Texas Instruments (TI) mwanafunzi hubonyeza 2nd kisha TRACE na kuchagua "zero", ilhali kwenye Casio fx-9750GIII hubonyeza SHIFT na F5, kisha huchagua "ROOT". Hesabu ni ile ile, lakini mtoto mwenye kifaa tofauti na cha darasa hubaki akitafuta njia yake wakati wenzake wameshafika swali linalofuata. Iwapo mtoto ni mwepesi wa kujisomea mwongozo, hiyo Casio itamfaa kabisa, tena bei yake huwa nafuu sana ikilinganishwa na TI-84 Plus CE. Iwapo si mwepesi, ninashauri kwa dhati achukue kile anachotumia mwalimu.

Kuhusu mitihani, tahadhari kubwa ni vifaa vyenye mfumo wa aljebra uitwao CAS, ambao hurahisisha na kutatua milinganyo kwa herufi, si kwa namba pekee. Kati ya mitihani miwili ya kuombea nafasi chuoni, ACT haiviruhusu, SAT nayo ilivikataza kuanzia Agosti 2025, ingawa mtihani wa kalkulasi wa AP (masomo ya kiwango cha chuo yanayosomwa sekondari) umekuwa ukiviruhusu. Kwa hiyo TI-89 Titanium au HP Prime, hata ikiuzwa kwa bei ya kuvutia, inaweza kumwacha mwanafunzi bila kifaa siku ya mtihani. TI-Nspire CX II hutengenezwa kwa namna mbili zinazofanana mno, basi angalia kwa makini kama jina lake limeandikwa herufi CAS.

Tangu 2024 SAT nchini Marekani hufanywa kwa kompyuta, na ndani ya programu yake mna kikokotoo cha Desmos ambacho kila mtahiniwa hukitumia bila malipo. Mwanafunzi ambaye darasani hadaiwi kifaa chake mwenyewe hana sababu ya kununua kwa ajili ya mtihani huo peke yake. Vilevile zipo shule zinazoazimisha vikokotoo kwa mwaka mzima, na hakuna aibu yoyote katika kuomba.

Kifaa kilichotumika ni chaguo zuri kikikaguliwa. TI-84 Plus ya zamani hutumia betri nne za AAA, hivyo fungua kifuniko uone kama kuna kutu. Ile ya CE ina betri ya kuchajiwa, na muuzaji akuoneshe kwamba inawaka ikiwa imechomolewa kwenye chaja. Usinunue mtaani TI yenye rangi ya manjano, kwani rangi hiyo hutengenezwa kwa ajili ya shule na huenda ni mali ya shule fulani.

Mbele ya muuzaji, bonyeza kila kitufe, kisha chora y = x² − 4 uhakikishe mchoro unakata mhimili wa x kwenye −2 na 2. Mwishowe tafuta sin 30: jibu likiwa 0.5, kifaa kinatumia digrii. Likiwa karibu −0.988, hakijaharibika bali kinatumia radiani, na kwenye TI-84 hubadilishwa kwa kitufe cha MODE.