Kuhifadhi chumvi ya barabarani kwa ajili ya kipupwe: anza na sakafu

Watu wakiniuliza namna ya kuhifadhi chumvi ya kuyeyushia barafu barabarani, swali la kwanza huwa ni turubai: liwe kubwa kiasi gani, lifungwe vipi. Mimi huwarudisha kwenye sakafu. Msimu wangu wa pili katika kazi hii nilifunika lundo vizuri sana, turubai jipya, kamba zimekazwa. Theluji ya kwanza ilipoanguka tukafunua. Juu, chumvi ilikuwa kavu, inamwagika kama mchele. Chini, tabaka la karibu nusu mita lilikuwa limeshikana kama jiwe. Lundo lilikuwa limekaa penye mbonyeo ambao macho hayakuuona, na mvua za miezi kadhaa ziliingilia kwa chini. Tulivunja kwa sururu usiku kucha huku barabara zikizidi kuganda.

Kinachotokea ni hiki. Chumvi hii ni sodiamu kloraidi, ileile ya jikoni, ila ina punje kubwa. Unyevu wa hewani ukizidi kama asilimia 75, punje huanza kuvuta maji na kuyeyuka kwa nje. Hewa ikikauka tena, chumvi iliyoyeyuka hugeuka fuwele mpya zinazofunga punje moja na nyingine. Chumvi nyingi huuzwa ikiwa imetiwa dawa kidogo ya kuzuia kushikana, nayo inasaidia, lakini maji ya mvua huiosha ikaondoka.

Hatua ya 1: Jua lundo lako litachukua nafasi gani

Mita moja ya ujazo ya chumvi ina uzito wa takribani tani 1.2. Ukiimwaga bila ukuta hujipanga kwa umbo la pia, duara chini na ncha juu, lenye mteremko wa nyuzi 32 hivi. Kwa hiyo lundo lenye upana wa mita 10 chini litafika kimo cha mita 3 na kubeba karibu tani 100. Ongeza nafasi ya mtambo wa kupakia kugeuka na lori kusimama, vyote juu ya sakafu ileile. Wengi husahau nafasi hiyo, kisha upakiaji unafanyika kwenye udongo, na chumvi inayodondoka hapo haiokotwi tena.

Hatua ya 2: Chagua mahali

Pawe mbali na visima, mito na mitaro ya maji ya mvua, na pasiwe mahali panapofurika. Hapa nawasihi msifanye haraka. Kloraidi, yaani sehemu ya chumvi hii, haiozi, na udongo hauichuji. Ikishaingia kwenye maji ya ardhini hakuna njia nyepesi ya kuitoa. Kilo moja tu ya chumvi inatosha kufikisha lita 2,400 za maji safi kwenye miligramu 250 za kloraidi kwa lita, kiwango ambacho ulimi huanza kuhisi ladha ya chumvi. Sasa fikiria tani moja iliyovuja polepole jirani na kisima cha watu.

Hatua ya 3: Tengeneza sakafu

Lami inafaa, zege pia. Ukichagua zege, agiza lile lenye vipovu vidogo vya hewa ndani yake, linalostahimili kuganda na kuyeyuka, kisha lipake dawa ya kuziba vinyweleo. Chumvi ikipenya hadi kwenye nondo, nondo hushika kutu, kutu huvimba, na zege hupasuka kutoka ndani.

Katikati ya sakafu pawe juu kuliko pembeni, kwa mteremko wa sentimita 2 kwa kila mita. Usiliamini jicho. Kabla chumvi haijafika, mimi humwaga maji sakafu nzima, nikasubiri robo saa, kisha nikazunguka na chaki nikichora duara kila penye dimbwi. Kila duara hujazwa na kusawazishwa kabla lori la kwanza halijaruhusiwa kuingia.

Pia zuia maji ya nje yasiingie: tuta dogo au mfereji upande wa juu wa kiwanja unatosha. Maji ya chumvi yanayotoka ndani yaelekeze kwenye tangi. Usiyamwage, maana yana kazi. Yakipimwa yakawa na chumvi asilimia 23 hivi, hayagandi mpaka baridi ifike karibu nyuzi 21 chini ya sifuri. Ukiinyunyizia chumvi maji hayo wakati wa kuimwaga barabarani, punje hukaa barabarani badala ya kurukia kando, na huanza kuyeyusha mapema.

Hatua ya 4: Funika

Banda lenye paa ndilo bora kuliko yote, na mlango wake usielekee upande unakotoka upepo. Kuta zipigiwe hesabu na mhandisi, kwa sababu chumvi inasukuma kwa pembeni kwa nguvu kubwa, tena mtambo nao huikandamiza ukutani. Chora mstari wa rangi ukutani kuonyesha kimo cha mwisho, na asiwepo wa kuuvuka. Mbao hudumu kuliko chuma. Bolti ziwe zilizopakwa zinki nene.

Kama huna banda, turubai litafaa, ila lainisha mgongo wa lundo kwanza ili pasibaki mbonyeo wa kutuamisha maji. Tandaza vipande kuanzia chini kwenda juu, cha juu kikilalia cha chini kama vigae. Kwa uzito, tumia matairi chakavu yaliyounganishwa kwa kamba pande zote mbili za lundo. Viroba vya mchanga vilivyowekwa kimoja kimoja huporomoka upepo ukivuma.

Hatua ya 5: Pokea mzigo siku kavu

Tazama nyuma ya lori kabla halijamwaga. Likichuruzika maji, likatae: unalipia maji kwa bei ya chumvi, na unyevu huo utaharibu mzigo ulio mkavu. Mtambo usipande juu ya lundo. Magurudumu husaga punje kuwa unga, na unga ndio unaoshikana haraka zaidi. Funika siku hiyohiyo, hata kama malori mengine yanakuja kesho.

Hatua ya 6: Chota kwa utaratibu

Chumvi ya msimu uliopita itoke kwanza. Fungua upande mmoja tu, ule usiopigwa na upepo, na mwingine wote ubaki umefunikwa.

La muhimu kuliko yote katika hatua hii: usichimbe kwa chini ukaacha juu pananing'inia. Chumvi iliyoshika gamba husimama kama ukuta, halafu huanguka ghafla, na tani kadhaa zinaweza kumfukia mtu. Ukiona gamba linaning'inia, liangushe kwa mtambo ukiwa mbali, na asiwepo anayetembea kwa miguu karibu. Wala mtu asipande juu ya lundo kulivunja.

Usijaze lori kupita kingo. Zamu ikiisha, fagia sakafu na urudishe chumvi lundoni, hata kama mmechoka na ni alfajiri. Magari yaoshwe mahali ambapo maji yake yanaingia kwenye tangi.

Hatua ya 7: Msimu ukiisha

Sogeza kilichobaki upande mmoja, kifunike, kisha kagua sakafu iliyo wazi. Nyufa zizibwe wakati wa joto, sakafu ikiwa kavu kabisa. Halafu chukua maji na chaki, uanze tena kutafuta madimbwi.