Somo: Kituo cha hali ya hewa cha mtandaoni pale klabu ya matanga, kwa bei ya kueleweka

Wakuu, tangazo la TMA (Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania) la upepo wa km 40 kwa saa linahusu ukanda wote wa pwani, halikwambii saa nane mchana hapo Msasani kunavuma ngapi, ndo maana klabu inahitaji kipimo chake.

1. Kifaa. Kampuni ya Davis wana vituo vizuri ila bei imechangamka, seti ya kampuni ya Ecowitt inatosha kabisa. Kabla hujalipa angalia masafa ya redio ambayo kifaa kinatumia kutuma vipimo, seti za Marekani ni 915 MHz, huku chukua 433 au 868.

2. Mahali, na hapa ndo watu wanaharibu. Kipimo cha upepo kinatakiwa kiwe mita 10 juu ya ardhi, na kikae mbali na kizuizi mara 10 ya urefu wake, yaani mnazi wa mita 12 unataka mita 120. Wengi wetu hatuna eneo hilo, basi hakikisha angalau upande wa kusi na wa kaskazi uko wazi, maana hizo ndo pepo zinazotupeleka mwaka mzima. Bomba la kusimamishia kipimo lifungwe bawaba chini ili mlilaze, msipande na ngazi. Nati na bolti ziwe stenlesi, chumvi haina huruma, na kila mkilaza osheni kwa maji ya bombani yasiyo na chumvi.

3. Alama ya N kwenye kipimo ielekee kaskazini. Dira ya simu inatosha ila simama mbali na bomba la chuma, litaivuruga.

4. Kile kisanduku cha kupokea vipimo kiunge kwenye Wi-Fi ya 2.4 GHz, jisajili bure Weather Underground (tovuti inayoonyesha vipimo vya vituo vya watu), utapewa namba ya kituo na ufunguo, ubandike kwenye app ya kifaa, basi. Kasi ya upepo chagua ionekane kwa noti (noti 1 ni km 1.852 kwa saa). Mkitaka ukurasa wenu wenyewe, tumieni Raspberry Pi (kompyuta ndogo) na programu ya weewx, programu hiyo ni bure.

MASWALI

Mkuu, klabuni hatuna Wi-Fi, inakuwaje?
– Modemu ya laini ya simu kaka, data inayokula ni kidogo mno. Weka na pawabenki, umeme ukikatika kituo kisizime.

Si tuipachike tu kwenye paa la baa?
– Upepo ukigonga paa unapanda na kuzunguka, utasoma uongo. Kama hamna pengine, bomba lipande juu sana ya paa.

Naona presha ya hewa inashuka kila jioni, dhoruba inakuja?
– Hapana dada, huku karibu na ikweta presha hupanda mpaka mnamo saa nne asubuhi halafu inashuka mpaka saa kumi jioni, kila siku, hata kukiwa shwari. Linganisha na saa ileile ya jana, na utabiri bado uchukue TMA.