Kutoka Picha Ghafi ya Kamera hadi Waraka Unaoharirika

Mtu aliyepiga picha mihtasari ya zamani ya chama cha ushirika hapa Tabora, huku kamera yake ikihifadhi picha ghafi (RAW, yaani data ya kamera kabla haijachakatwa), atajikuta ana faili ambazo programu ya kuandikia haizifungui: majina yake huishia na CR2 au CR3 kwa kamera za Canon, NEF kwa Nikon, na ARW kwa Sony. Zipo tovuti zinazoahidi kuzigeuza kuwa waraka wa Word kwa kubofya mara moja. Mimi nilimaliza bando la siku nzima kupandisha kurasa kwenye mojawapo, nikarudishiwa waraka ambao kila ukurasa wake ulikuwa picha iliyobandikwa, bila hata neno moja la kurekebishika. Kati ya picha ghafi na waraka pana kazi mbili zisizorukika, yaani kuiandaa picha, kisha kuyatambua maandishi yaliyomo.

Faida ya picha ghafi ni kwamba kamera bado haijaamua chochote kwa niaba yako. Faili ya biti 14 hubeba ngazi 16,384 za mwanga kwa kila rangi, ilhali JPEG, yaani picha ya kawaida iliyokwisha kuchakatwa, hubeba 256, na kwa hiyo ukurasa uliotoka na giza kidogo unaweza kuangazwa bila herufi kuchakaa. Hata hivyo, hakuna programu itakayorudisha herufi zilizotikisika. Wengi hukimbilia kivuli cha mwembe, nacho hakifai, kwa sababu majani hupitisha madoa ya jua na kuipaka karatasi ukijani. Baraza lenye kivuli kizima, asubuhi, ni bora zaidi. Weka karatasi nyeupe safi kando ya ukurasa, kwani utaihitaji baadaye.

Fungua faili kwa darktable au RawTherapee, ambazo ni za bure. Sawazisha weupe kwa kuigusa ile karatasi safi, wala si ukurasa wenyewe ambao umeshageuka manjano. Kisha nyoosha mistari, kata kingo, na uongeze tofauti kati ya wino na karatasi mpaka herufi zisimame peke yake. Hifadhi nakala kama TIFF au PNG. Kipimo kinachofaa ni nukta 300 kwa inchi, ambacho kwa karatasi ya A4 ni takriban pikseli 2,480 kwa 3,508, na kamera ya megapikseli 12 hukifikia ikiwa ukurasa umejaza fremu.

Kwa kutambua maandishi natumia programu ya Tesseract, iliyoanzia Hewlett-Packard miaka ya 1980 na kufunguliwa kwa umma mwaka 2005, kwa sababu ina data ya Kiswahili na haihitaji intaneti ikishasakinishwa. Amri, inayoandikwa kwenye dirisha la amri (terminal) la kompyuta, ni fupi, na swa ndiyo alama ya Kiswahili:

tesseract ukurasa.tif ukurasa -l swa

Hutoka faili iitwayo ukurasa.txt, ambayo utaifungua kwa LibreOffice Writer na kuihifadhi kama DOCX. Asiyependa kuandika amri anaweza kupandisha nakala ya JPEG kwenye Google Drive na kuifungua kwa Google Docs, ambayo huyatambua maandishi yenyewe.

Kazi kubwa ndiyo inayobaki, nayo ni kusahihisha. Alama ya ritifaa katika ng'ombe au ng'ambo hupotea au kugeuka alama ya kunukuu, na herufi r na n zikikaribiana husomwa kama m. Makosa hayo jicho huyanasa upesi. Tarakimu ndizo za kuogopa, kwa kuwa kilo 180 za asali zikiandikwa 130 hakuna kamusi itakayolalamika. Mwandiko wa mkono, kama saini na maelezo ya pembeni, uchape mwenyewe. Kwa kurasa za hesabu, mtu mmoja asome karatasi kwa sauti na mwingine afuatilie kwenye skrini, na faili ghafi zisifutwe kabla ya wawili hao kufika ukurasa wa mwisho.