Dawa Inapogoma Kula Shaba: Kutafuta Kosa Katika Bodi ya Saketi ya Kujitengenezea

Bodi nyingi zinazoharibikia ndani ya feriki kloraidi, dawa inayokula shaba isiyofunikwa, huwa na kasoro kabla hazijaguswa na dawa, na ndiyo maana mimi huitafuta kasoro hiyo katika dakika ya kwanza badala ya kungoja shaba yote iliwe. Maelezo haya yanamfaa anayehamisha mchoro kwa tona (wino wa unga wa printa ya leza, unaoikinga shaba ya njia za umeme) na pasi kwenye bodi ya kawaida, yenye shaba ya unene wa takriban maikromita 35.

Hatua ya kwanza ni kusoma rangi. Vaa glavu za mpira na miwani ya kinga, kisha zamisha bodi katika chombo cha plastiki, kamwe si sufuria ya alumini, kwa sababu dawa itaitoboa. Baada ya sekunde 30 itoe, isuuze kwa maji, uiinamishe kwenye mwanga. Shaba iliyo wazi itakuwa imepoteza mng'ao na kubaki na wekundu uliofifia. Panapong'aa bado pana kizuizi, ambacho ni mafuta ya vidole, mabaki ya karatasi au utando mwembamba wa tona. Niliwahi kukuta alama ya kidole gumba changu katikati ya bodi, mistari yake ikihesabika. Mafuta yaondoe kwa pamba yenye spiriti kidogo, na nyuzi za karatasi kwa mswaki laini na maji. Usitumie asetoni, maana itafuta mchoro wote.

Katika ukaguzi huohuo, tazama vitundu kwenye tona. Kausha bodi na uvizibe kwa kalamu ya wino usiofutika, ukikumbuka kwamba wino huo, tofauti na tona, huondolewa na spiriti. Ukivikosa sasa, utakuja kuunga njia zilizokatika kwa waya na risasi ya kulehemu.

Hatua ya pili inahusu bodi iliyobadilika rangi sawasawa lakini hailiki. Hapo dawa ni baridi au imechoka. Weka chombo ndani ya beseni la maji ya moto hadi dawa ifike nyuzi joto 40 hivi, wala usiibandike jikoni. Jaribu kipande cha shaba tupu. Kikikaa nusu saa katika dawa yenye joto, huku unaitikisa, bila kuisha, tengeneza dawa mpya. Kama unatumia feriki kloraidi ya unga, tia unga ndani ya maji kidogo kidogo, kwani mchanganyiko huchemka kwa ghafla.

Kingo zikiisha mapema huku katikati kukibaki shaba, tatizo ni kutotikisa, kwa kuwa dawa iliyokwisha nguvu hutuama juu ya shaba na kuizuia dawa mpya kufika. Usisubiri tu, kwa maana dawa hula pia kwa upande, chini ya tona. Mimi nilienda kunywa chai, nikarudi nikakuta tona nzima nzuri, na chini yake njia nyembamba kama uzi, nyingine zimekatika.

Dawa iliyochoka isimwagwe kwenye sinki, kwa sababu hula mabomba ya chuma, na shaba iliyoyeyuka ndani yake huua viumbe wa majini. Itie magadi taratibu katika ndoo kubwa, maana itafura povu, hadi povu likome. Tope litakalotuama lihifadhi katika chupa ya plastiki iliyoandikwa kilichomo, mbali na watoto, mpaka utakapolifikisha kwa wanaopokea taka za kemikali.