Somo: Kuusaka na kuupunguza mlio wa giaboksi ya mtambo wa upepo

Ukipanda vilima vya Ngong, penye mitambo ya upepo, siku ya upepo, ule mvumo unaokuja na kuondoka ni wa mapanga yakikata hewa. Somo hili linahusu kelele nyingine: mlio mwembamba wa sauti moja unaotoka kwenye giaboksi, jenereta au pampu ya mafuta. Hata ukiwa hafifu, sikio huudaka upesi, na usiku jirani hausahau.

Hatua ya 1: Hesabu meno. Usifungue programu yoyote kwanza. Shafti ikizunguka mara 1,500 kwa dakika, hiyo ni mara 25 kwa sekunde. Gia yake ikiwa na meno 25, meno yatakutana mara 625 kwa sekunde. Tarajia mlio wa hezi 625 (hezi ni mara kwa sekunde), pamoja na 1,250 na 1,875. Rudia hesabu kwa kila jozi ya gia.

Hatua ya 2: Rekodi. Sauti, mtetemo wa giaboksi na kasi ya shafti, vyote kwa wakati mmoja. Mitambo mingi ya kisasa hubadili kasi kufuata upepo, na mlio huhama nayo. Rekodi isiyo na kasi haina kazi. Ukichora grafu ya rekodi na kuona vilele vidogo kwenye hezi 600 na 650, pembeni mwa 625, ishuku shafti ile inayozunguka mara 25 kwa sekunde: huenda gia haikukaa katikati au jino limeharibika.

Hatua ya 3: Iga mtambo kwenye kompyuta. Anza na diski na springi: mapanga, gia na jenereta ni diski, shafti ni springi. Octave, programu ya hesabu, inatosha. Kisha chora fremu na mnara kwenye CalculiX, programu ya kuiga mitetemo, utafute masafa yake ya asili (hezi ambazo chuma hupenda kutetemeka chenyewe), halafu usukume kwa hezi 625 pale giaboksi inaposhikiliwa. Mara nyingi ukuta wa mnara ndio unaogeuka kipaza sauti, ingawa kosa liko juu.

Hatua ya 4: Punguza, ukianzia kwenye chanzo. Meno ya mshazari hushikana taratibu kuliko yaliyonyooka, na kuchonga ncha za meno kidogo tu hupunguza mgongano. Kisha raba chini ya giaboksi. Kisha uzito wa kufyonza mtetemo, uliorekebishwa utetemeke kwa masafa hayohayo ya mlio.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, kwa nini tusijaze sponji ndani ya kibanda cha juu tumalize?*
Sponji huzuia sauti ya hewani. Mtetemo unaopita kwenye chuma hadi mnarani hauguswi.

*Nina mtambo mdogo wa upepo niliouchomelea mwenyewe hapa Kariobangi. Raba za injini za gari zitafaa?*
Zinaweza, ndugu, ila pima kwanza. Raba huanza kusaidia pale masafa ya mtetemo yanapozidi mara 1.4 ya masafa ya asili ya mzigo ukiwa juu yake. Kwa mtetemo wa hezi 25, masafa ya asili ya mzigo wako yawe chini ya hezi 17, na yakifika 10 ni bora zaidi. Raba ngumu mno itauongeza mtetemo. Na kama mtambo wako hauna giaboksi, acha kuhesabu meno. Kagua beringi na sumaku za jenereta.