Somo: Jinsi kipande cha kimondo kinavyopangiwa kundi lake

Habari zenu wanachama. Wengi mnaleta picha ya jiwe jeusi na kuuliza bei. Bei huja mwisho. Kwanza jiwe lijulikane ni la kundi gani.

Hatua ya 1: Andika kabla ya kuokota. Lipige picha palepale lilipo, nukuu vipimo vya GPS, tarehe, na baadaye uzito. Lifunge mahali pakavu na safi. Usilioshe. Na tafadhali sana, usiligusishe sumaku kali: inafuta usumaku ambao jiwe limeutunza kwa mabilioni ya miaka. NWA 7034, jiwe la sayari ya Mirihi lililopatikana Moroko mwaka 2011, limepata hasara hiyo mikononi mwa watu.

Hatua ya 2: Litazame. Gamba jeusi jembamba ni dalili nzuri. Ukiona vitundu vingi vya hewa, huenda umeokota mavi ya chuma, yaani taka za kuyeyushia chuma.

Hatua ya 3: Maabara. Hapa ndipo penye kazi. Gramu 20, au asilimia 20 ya jiwe likiwa dogo, hubaki daima kwenye taasisi inayotambulika. Kipande husagwa hadi unene wa milimita 0.03, mwanga upenye, kisha hupimwa chuma kilichomo kwenye madini ya olivini. Kondraiti ni vimondo vya mawe ambavyo havikuwahi kuyeyuka. Zile za kawaida hupewa herufi H, L au LL kulingana na wingi wa chuma, halafu namba: 3 halijabadilika sana, 4 hadi 6 limepikwa na joto, Namba 2 na 1, yaani limebadilishwa na maji, ni za kondraiti zenye kaboni. Jiwe la Thika la mwaka 2011 ni L6. Ya aina hiyo ni mengi.

Kimondo cha Ivuna, jiwe la hapa Tanzania, ni habari nyingine. Lilianguka Desemba 16, 1938, katika eneo ambalo leo ni mkoa wa Songwe, na kilichookotwa ni gramu 705 tu. Ni la kundi la CI: C ni kondraiti zenye kaboni, na herufi I imetolewa kwa ajili yake. Limejaa madini ya udongo yenye maji, na ukiacha gesi, mchanganyiko wake wa elementi unakaribia sana ule wa Jua. Mawe ya CI yaliyoonekana yakianguka ni matano duniani kote. Chombo cha Japani, Hayabusa2, kilipoleta gramu 5.4 kutoka asteroidi Ryugu mwaka 2020, wanasayansi walizilinganisha na Ivuna. Mtoto wa Songwe anastahili kufundishwa hili darasani.

Hatua ya 4: Jina. Kamati ya Meteoritical Society, chama cha kimataifa cha wanasayansi wa vimondo, ikiridhika, jiwe huandikwa rasmi. Mkusanyaji makini hutafuta jina hilo kwanza.

Maswali ya wanachama

*Mwanachama wa Mbeya:* Shikamoo mwalimu. Kimondo cha Mbozi nacho ni kundi gani? Kipande chake kinauzika?
— Marahaba. Ni chuma chenye nikeli, takriban tani 16, na hakijaingia katika kundi lolote linalojulikana. Ni urithi wa taifa unaolindwa na sheria, hakikatwi wala hakiuzwi.

*Mwanachama wa Muscat:* Huku jangwani yanaonekana mengi. Naweza kuja nalo nyumbani?
— Hapana ndugu yangu, si bila kibali cha serikali ya Oman. Piga picha, nukuu mahali, toa taarifa.

*Mwanachama wa Nairobi:* Bila sumaku nitajaribuje?
— Lisugue kwenye upande wa kigae usiong'aa. Likiacha mstari mwekundu au mweusi, yaelekea ni mawe ya chuma ya hapa hapa duniani. Jaribu kwenye kona ndogo tu.

*Mwanachama wa Dodoma:* Kwa nini wakusanyaji wanaipapatikia Ivuna?
— Kundi adimu, kuanguka kwake kunajulikana hadi tarehe, na uzito wote ni mdogo. Kipande kilichopatikana na Makumbusho ya Historia Asilia ya London mwaka 2008 kilikuwa kimehifadhiwa ndani ya naitrojeni, kwa sababu unyevu wa hewa peke yake hubadilisha madini yake. Ndiyo maana nasema usilioshe.