Namna ya Kufunga Kabati la Mtandao Ukutani kwa Usalama

Kabati la chuma lenye rauta, swichi ya mtandao (kifaa cha kuunganisha nyaya za mtandao) na betri linaweza kufika kilo 20, na uzito huo wote huning'inia kwenye skrubu nne tu. Kwa hiyo kazi huanza kwa kuujua ukuta. Ugonge kwa kifundo cha kidole: mlio wa uwazi huonyesha ubao wa jasi, ambao haufai kubeba kabati isipokuwa skrubu zifike kwenye mbao zilizo nyuma yake.

Usitoboe juu, chini wala kando ya soketi, kwani huko ndiko nyaya za umeme hupita zikiwa zimefichwa. Weka alama kwa pima maji, kisha toboa kwa biti ya milimita 8 kwa plagi ya ukutani (kijiti cha plastiki chenye tundu, kinachoingia shimoni ili kushika skrubu) ya milimita 8, shimo likiizidi plagi urefu kidogo. Lipu haina nguvu. Kwenye ukuta wa tofali za kuchoma utaona unga wa kijivu ukigeuka mwekundu, na ni kuanzia hapo plagi hupata mshiko. Vumbi la shimoni, ambalo mafundi wengi hulipuuza, hulegeza plagi, hivyo litoe lote.

Pwani, ambako chumvi ya hewani hula chuma cha kawaida, tumia skrubu zisizoshika kutu. Kabla ya kuingiza kifaa chochote, livute kabati tupu kwa mikono miwili. Likicheza hata kidogo, fungua na utoboe upya mahali pengine.